Fundi Anatoka Eldoret

Kuanzia Kainuk kwenda kaskazini, barabara ya Kitale hadi Lodwar siku hizi ina vipande virefu vya lami ambavyo abiria anaweza kusinzia juu yake, jambo ambalo waliopita hapa zamani hawaliamini mpaka wakae kitini wenyewe. Hatua chache kutoka ukingoni vimesimama vigingi vifupi vya kuonya watu wasichimbe. Chini yake imefukiwa kebo ya faiba. Ni sehemu ya mradi ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2015: barabara ya kuelekea Sudan Kusini, na sambamba nayo faiba kutoka Eldoret hadi Nadapal mpakani, karibu kilomita 600.

Kebo hii imetolewa hotuba nyingi, na zote zina wimbo mmoja: mtandao ukifika, kazi itafika. Nilitaka kuona ni kazi gani, na ni nani anayeifanya. Nikapanga kupita Lodwar, nifuate ziwa hadi Nariokotome, halafu nigeukie magharibi hadi Kakuma.

Lokichar ilinipa somo kabla hata sijalitafuta. Nilikunywa chai na chapati katika hoteli ya mabati, nikatoa simu nilipe. Mama mwenye hoteli akacheka.

"Weka tu, baba. Mtandao umelala. Laga ilifurika, ikabeba kebo."

"Watatengeneza lini?"

"Fundi anatoka Eldoret."

"Leo?"

"Anatoka tangu jana."

Laga ni mto wa msimu, mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe. Nikalipa kwa noti, naye akanirudishia chenji kwa peremende na kiberiti.

Mji huu unajua maana ya kungoja watu wa mbali waje na ujuzi wao. Mafuta yaligunduliwa karibu na hapa Machi 2012, kwenye kisima cha Ngamia 1. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana wakidai kazi na zabuni, na kampuni ya Tullow ikasimamisha shughuli zake kwa muda. Mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ikasafirishwa kutoka Mombasa. Vijana niliokaa nao kivulini walikuwa wadogo wakati wa maandamano yale, lakini hoja wanaikariri kama waliokuwepo: kazi ya ujuzi hupewa mgeni, mwenyeji hupewa geti alilinde.

Sasa kwa nini fundi wa faiba atoke Eldoret? Faiba ni uzi wa kioo. Unene wake pamoja na ganda lake la kioo ni maikroni 125, yaani moja ya nane ya milimita, na njia yenyewe ya mwanga iliyo katikati ni maikroni 9 hivi. Ikikatika huwezi kuisokota kama waya wa stima. Ncha mbili lazima zikatwe wima kabisa, zipanguswe kwa spiriti, zitiwe ndani ya mashine inayozilinganisha na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme mpaka ziwe uzi mmoja. Chembe ya vumbi ikiingia, umeharibu, unaanza upya. Na kabla ya hapo sharti ujue imekatikia wapi. Kuna kifaa kinachotuma mwanga ndani ya kioo na kupima muda wa ule unaorudi. Mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde ndani ya kioo, kwa hiyo kifaa kinapiga hesabu na kukuambia mkato uko kilomita ngapi mbele yako. Hakuna kitu hapo kinachodai digrii. Mkono mtulivu, macho mazuri, hema la kuzuia upepo, na wiki kadhaa za kufundishwa na mtu anayejua. Kinachodai pesa ni vile vifaa viwili. Aliye navyo ndiye mwenye kazi, naye hakai Lokichar.

Lodwar nilifika jua likiwa bado kali. Mji huu ulipendwa na wakoloni kwa sababu ya umbali wake. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, mwaka 1959 alihamishiwa hapa kwenye kizuizi, akakaa hadi 1961. Walidhani neno haliwezi kutoka Turkana. Lakini mwaka 1958 barua ya wafungwa wenzake wa Lokitaung, wakilalamikia hali yao, ilikuwa imekwisha kuchapishwa na gazeti la The Observer kule London. Huwa naikumbuka barua hiyo kila ninaposikia Turkana ikiitwa "eneo lisilo na mawasiliano". Watu wa huku hawajawahi kukosa la kusema. Walikosa njia isiyokatika.

Siku hizi Lodwar ni makao ya kaunti iliyohesabiwa watu 926,976 katika sensa ya 2019. Ina chuo kikuu kishiriki tangu 2017, Turkana University College, na vijana wake unawakuta jioni wamejazana chini ya ukuta wowote wenye wi-fi. Kinachowasumbua si mtandao peke yake, ni stima. Bwawa la Turkwel, kusini mpakani na Pokot Magharibi, lina mitambo ya megawati 106, na umeme wake ulijengewa waya wa kwenda kusini kwenye gridi ya taifa, huku Lodwar ikiwashwa miaka nenda rudi kwa jenereta za dizeli. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Nayo waya wake umepiga kona kusini hadi Suswa. Mtu wa Lodwar akikuambia kwamba kila kitu kizuri hupita kwake kikielekea kwa wengine, usimwone mchungu.

Karibu na soko nilikaa kwenye kibanda cha fundi simu, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na wanagenzi wake watatu. Mmoja alikuwa msichana aliyeacha shule kidato cha pili. Alikuwa akichomelea tundu la chaji bila kutetemeka. Nilimuuliza mwalimu wake minara ya simu inaharibika wapi hasa. Akanijibu neno moja: betri. Kisha akanieleza vizuri. Betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25. Nyuzi 35 kwa Lodwar ni mchana wa kawaida, na ndani ya kabati la chuma chini ya mnara joto linapita hapo sana. Betri iliyonunuliwa Nairobi kwa hesabu ya miaka mitano haioni wa tatu.

"Wanaleta mpya, wanaweka pale pale juani," alisema. "Mimi ningejenga kibanda cha makuti juu ya hilo kabati. Lakini nani ataniuliza mimi, mzee?"

Hilo la makuti nimelibeba moyoni kuliko mipango mingi ya kitaifa niliyosoma.

Kalokol iko kilomita sitini hivi kutoka Lodwar, pwani ya ziwa, na hapo kuna jengo ambalo kila anayezungumza habari za maendeleo Turkana angepaswa kulazwa ndani yake usiku mmoja. Ni kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame walikuwa wafanywe wavuvi, na minofu igandishwe isafirishwe mbali. Mashine za barafu zilifanya kazi siku chache tu. Gharama ya kugandisha, katika joto lile na kwa nishati ile, ilimeza thamani ya samaki. Miaka michache baadaye ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivuliwa samaki wengi, ikakauka. Jengo likabaki ghala. Leo samaki wa Kalokol huanikwa na kupigwa chumvi, na wafanyabiashara huja kuwachukua hadi kwenye masoko ya Congo. Wakaushaji ni wanawake wa hapa hapa na hawakuhitaji barafu.

Si mbali na hapo, Loropio, limejengwa jengo la aina nyingine. Mwaka 2015 Ludwig, mwanamfalme wa ukoo wa Bavaria nchini Ujerumani, alianzisha shirika la Learning Lions la kuwafundisha vijana wa Turkana kazi za kompyuta: usanifu wa picha, uhariri wa video, uandishi wa programu. Chuo chao cha Loropio kilichorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, na kukamilika 2021. Mwaka uliofuata Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Kutoka mbali unaona minara mirefu ya rangi ya udongo, ukadhani ni vichuguu, na ndivyo alivyokusudia. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, nyingine yenye ubaridi ikaingia kwa matundu ya chini, na vumbi halifiki kwenye kompyuta. Mawe ni ya hapa hapa.

Jengo limenipendeza, nakiri. Lakini nilipokuwa nikilitazama nilikuwa na swali la kibiashara zaidi: kazi zinatoka kwa nani, na kwa bei gani? Kazi ya kompyuta inayokuja kwa waya ina tabia ya kumfuata mtu wa bei ya chini popote alipo. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba Wakenya waliokuwa wakichambua maandishi machafu jijini Nairobi ili kufundisha programu za akili bandia walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Sisemi Loropio ni hivyo. Shirika lile limejiundia kampuni ya kutafutia wahitimu wateja, na hiyo ni nusu ya kazi ambayo miradi mingi huisahau. Ninachosema ni kwamba kijana anayechora nembo kwa ajili ya mteja wa Munich na kijana anayepanda mnara wa Lokitaung wote tunawaita "wafanyakazi wa kidijitali", hali wa kwanza anaweza kubadilishwa kesho na mtu wa Manila. Wa pili hawezi. Mnara uko Lokitaung.

Kutoka Kalokol kwenda kaskazini lami inakuaga. Ni mchanga, kokoto, mikoma, na laga moja baada ya nyingine. Dereva wetu alisimama kwenye kila moja, akashuka, akatembea hadi katikati kupima mchanga kwa kisigino kabla ya kuvuka. Nariokotome yenyewe ni misheni ya Wakatoliki wa Jumuiya ya Mtakatifu Paulo Mtume, zahanati, chekechea, miti iliyopandwa na kumwagiliwa kwa subira, na manyatta zilizotawanyika. Jumuiya hiyo imechimba visima na kujenga mabwawa katika sehemu hizi tangu miaka ya 1980.

Jina la mahali hapa linajulikana katika vyuo vikuu vya dunia kwa sababu ya mifupa. Agosti 1984 Kamoya Kimeu, Mkamba aliyekuwa akiongoza kundi la watafutaji wa visukuku chini ya Richard Leakey, alikuwa akitembea juu ya kokoto karibu na laga ya Nariokotome akaona kipande kidogo cha fuvu, chenye rangi ile ile ya mawe yaliyokizunguka. Kuchimba kulipoendelea wakapata karibu mwili mzima wa mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu humwita Mvulana wa Turkana.

Mimi namtaja Kamoya kwa sababu nyingine. Aliingia kazi hii mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba huko Olduvai, bila masomo makubwa. Alifundishwa juani, kwa kuonyeshwa mfupa na kuulizwa huu ni wa nini, tena na tena, na waliomwajiri wakamwamini na kumwongezea jukumu. Mwaka 1985 alipokea nishani ya National Geographic mkononi mwa Rais Reagan huko Washington, na mwaka mmoja kabla ya kifo chake cha 2022 chuo kikuu kimoja cha Marekani kikampa shahada ya heshima. Kwa miongo mingi, katika nyika hizi hizi, ilithibitika kwamba utaalamu wa kiwango cha dunia unaweza kulelewa hapa hapa kazini. Hakupewa warsha ya siku tatu na fulana.

Nilikutana na kijana mmoja wa Nariokotome ambaye anaendesha mtandao wa kwake, kama tunaweza kuuita hivyo. Ana sahani ya Starlink, paneli mbili za sola, betri ya lithiamu aliyoitia ndani ya shimo lililofunikwa ubao ili isipate joto, na kisanduku cha wi-fi juu ya mti. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Mwaka uliofuata bei ya kifurushi cha gigabaiti 50 ilikuwa shilingi 1,300 kwa mwezi, na kile kisicho na kikomo 6,500. Anawauzia wavuvi kwa saa. Wanauliza bei ya samaki Kalokol kabla ya kupakia, wanatumiana picha za mbuzi waliopotea, wanatazama mpira. Mwalimu wa chekechea hupewa bure siku za kutuma ripoti.

"Ejoka," nilimsalimu.

"Ejok nooi." Kisha akaendelea kwa Kiswahili safi cha shule. "Karibu, lakini ukitaka kuandika sifa, andika na hii: sahani ikifa, mimi sina la kufanya. Haifunguki. Nimejua kufuta vumbi na kuisogeza tu."

Nilimwambia kuhusu mitandao ya jamii: mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo unaoruhusu kikundi cha wananchi kupewa leseni yake yenyewe ya kuendesha mtandao wa eneo lao, kuna TunapandaNET huko Kibera na mwingine Lanet Umoja, Nakuru. Alikuwa anajua. Alinionyesha kilima, kisha kingine nyuma yake, akanieleza jinsi redio tatu au nne zinavyoweza kurukiana mawimbi kutoka mahali penye faiba hadi hapa, mradi kila moja iione mwenzake bila kizuizi. Alichokosa ni watu wawili wa kupanda vilima hivyo wakijua wanafanya nini, na mshahara wa kuwalipa mwezi ambao wavuvi hawana pesa. Kuhusu mtu wa kwanza alikuwa na jina tayari.

"Yuko Kakuma," alisema. "Mkongomani. Huyo anajua redio kuliko hata wale wa kampuni."

Basi nikarudi Lodwar, nikapanda gari la Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan. Pamoja na makazi ya Kalobeyei leo ina watu wapatao 300,000. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, wa mwaka 2018 ulikadiria soko lake kuwa la dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka yake zaidi ya 2,000. Kiswahili cha hapa kina vyumba vingi: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Lodwar, cha Wasomali wa madukani. Na kama kuna bidhaa isiyopungua Kakuma, ni mafunzo. Kila shirika lina kozi ya kompyuta, na vijana wale wale huzunguka kutoka moja kwenda nyingine.

"Kozi niko nazo ine," aliniambia mwanamke mmoja wa Kivu Kusini anayeuza maandazi mbele ya jumba alimopata cheti chake cha mwisho. "Kazi siko nayo hata moja."

Hata hivyo, watu wenye ujuzi wa kweli wamo. Wapo waliovuta nyaya za jenereta zao nyumba hadi nyumba kabla kampuni yoyote haijajitokeza; kampuni ya sola ya Okapi Green imeanzishwa na mkimbizi. Yule Mkongomani nilimpata juu ya paa la mabati, akifunga kisahani cha redio kwa waya wa seng'enge. Alikuwa fundi wa minara kwao. Hapa ameunganisha maduka na madarasa, na amefundisha wengine, wakiwemo Waturkana wawili wa mjini Kakuma.

Nilimuuliza kama angeweza kwenda Nariokotome. Akateremka ngazi polepole.

"Kwenda ni kibali. Kulipwa ni kibali ingine."

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kambi igeuke mji wa kawaida ambamo mgeni na mwenyeji wanaishi kwa huduma zile zile. Lakini kutoka nje ya kambi bado kunadai karatasi ya ruhusa, na karatasi hizo hungojewa. Mwaka huo huo wa 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza sana mgao kwa kukosa fedha, na mtu aliyepunguziwa chakula hanunui bando. Wateja wa fundi huyu wamekuwa wachache kuliko mwaka juzi. Kwa hiyo Turkana inangoja fundi wa Eldoret wakati huyu anaweza kukaa bila kazi wiki nzima upande huu wa kizuizi cha polisi.

Nisifanye jambo hili liwe rahisi. Wale vijana wa Lokichar watasema nini wakiona mnara wao unapandwa na mkimbizi? Nilimuuliza mmoja wa wanagenzi Waturkana wa yule Mkongomani. Alifikiri kidogo, akasema afadhali huyu, kwa sababu huyu anawafundisha. Mafundi wa kampuni wanaokuja na gari, alisema, hufunga mlango wa kabati wakati wa kazi.

Kijana huyo tayari amesajili jina la biashara kwa kitambulisho chake. Mkongomani ndiye fundi mkuu, yeye ni mwenye karatasi, na wa tatu, msichana, anashika hesabu. Niliwaacha wakibishana juu ya kazi ya shule moja ya Kalobeyei. Mkongomani alitaka watoze shilingi 40,000 na waweke mlingoti wa chuma. Msichana alisema shule ina 25,000, mlingoti uwe wa mti wa mathenge, na chuma kitafuata muhula ujao. Mkongomani akasema mathenge huliwa na mchwa. Msichana akamuuliza kama chuma alichokuwa nacho mkononi amekilipia.